Punguzo Liwe Mwisho, Siyo Mwanzo

"Hii ya kwanza tufanyie nafuu mdogo wangu, kazi zinakuja nyingi."

Kama unajitegemea hapa Mtwara, uwe unachora nembo, unapiga picha za harusi au unatengeneza tovuti za gesti, umeshaambiwa hivyo. Mara nyingi huja kwa ujumbe wa sauti, jioni, na anayekuambia ni mtu wa kumwamkia shikamoo, anafahamiana na mjomba wako, na hana dalili yoyote ya utapeli. Hapo ndipo ugumu ulipo. Tapeli ungemkataa bila kupepesa macho.

Mimi nabuni michoro: nembo, mabango, vipeperushi, na siku hizi video fupi za mitandaoni. Wateja wangu wako mjini hapa, Masasi, Newala, na wachache Lindi. Kupunguza bei sikatai, ila punguzo nimelihamisha. Kazi ya kwanza bei kamili, ya pili bei kamili, na hizo kazi nyingi zikishafika ndipo bei inashuka. Mteja mwenye kazi nyingi kweli hapotezi kitu kwa mpango huo. Asiye nazo ndiye anayekasirika, na hasira yake inakuwa imenipa habari niliyoihitaji.

Wengi wanaoahidi wanaamini wanachosema. Afisa wa mradi anajua awamu ya pili inaandikwa, ameiona kwenye andiko, na kweli anatamani uifanye wewe. Kisha mfadhili anakata bajeti, au afisa mwenyewe anahamishiwa Dodoma na anayekuja nafasi yake ana kijana wake wa michoro. Hakuna aliyekudanganya. Ila matumaini ya ofisi ya watu umeyalipia wewe, kwa hela ya bando na kodi ya chumba chako. Ndiyo maana huwa nauliza mapema, kwa upole: malipo yanasainiwa na nani? Kama anayeahidi siye anayesaini, basi ananipa maoni yake tu kuhusu mwaka kesho.

Kwa watu wa kusini ningedhani jambo hili halihitaji maelezo. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Miaka ya 2012 na 2013 mji ulijaa magari ya makampuni, kodi za nyumba zikapanda, watu wakajenga gesti hadi kwenye viwanja vya mihogo, wote wakiwahesabu wageni ambao hawajafika. Bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa 2015, gesi ikasafiri. Wageni wengi nao wakasafiri, rejesho la benki likabaki hapa. Lindi wana mradi wao wa kusindika gesi kule Likong'o, unazungumzwa kwa zaidi ya miaka 10 sasa, na kuna mteja wa huko aliyeniomba bei ya chini kwa sababu "mradi ukianza tu, dada, hutapata muda wa kulala." Nikamjibu kwamba ukianza nitampa bei ya kunikosesha usingizi. Akacheka, akalipa kamili.

Hapa tusichanganye na deni. Mteja wa Tandahimba akiniambia "fanya, nitakulipa korosho ikiuzwa," hilo linaeleweka. Kiasi kinajulikana, msimu unajulikana: minada huanza Oktoba, hela hupitia chama cha msingi cha ushirika hadi kwenye akaunti ya mkulima. Kwa baadhi ya watu nakubali, nikishapokea nusu kama kianzio, huku nikijua kwamba hata hilo linaweza kuvuta. Waliokuwepo msimu wa 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wakulima wengi wakasubiri malipo yao kwa muda mrefu, wanakumbuka mzunguko wa hela ulivyokuwa. Lakini deni likichelewa bado ni haki yangu. Kazi ya kuahidiwa isipokuja, unakwenda kudai nini, na kwa nani?

Hata ukifika mbele ya hakimu utaulizwa hilo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, ila inasema pia kwamba makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana ni batili. Sasa "kazi nyingi" ni ngapi? Za lini? Kwa bei gani? Uliyepewa ahadi huna jibu, na aliyeitoa hana pia.

Watia nia nimewawekea fungu lao peke yao. Kila mwaka wa uchaguzi anakuja mmoja anayetaka mabango, fulana na video ya kujinadi kwa bei ya karatasi, kisha anashusha sauti: "Nikipita, kazi zote za halmashauri ni zako." Diwani hagawi kazi za halmashauri. Ununuzi wa serikali unapita kwenye NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni, tangu 2023, na anayetaka kuuza huko anajisajili mwenyewe na kushindana kwa utaratibu. Kwa hiyo huyu asipopita hana hela, akipita hana mamlaka ya kutimiza alichosema. Mtia nia analipa yote kabla sijawasha kompyuta. (Na kama kazi za serikali unazitaka kweli, sajili jina la biashara BRELA, ofisi ya usajili wa biashara, chukua TIN, namba ya mlipakodi, ingia NeST. Njia hiyo ni ndefu lakini haihitaji uwe umemchorea mtu bango bure.)

Sasa namna ya kusema. Naona hapa ndipo vijana wengi wanakwama, kwa sababu ushauri wa mitandaoni unawaambia wajifunze kusema hapana, na hapana kavu kwa mtu mzima wa huku itakurudia kwa njia ya simu ya mjomba. Mimi naandika hivi:

"Shikamoo kaka. Nimekupata, nashukuru kwa kunikumbuka. Nembo ni 150,000. Kwa kuwa umeniambia kazi zitakuwa nyingi, nimekupangia hivi: hii na inayofuata bei ya kawaida, ya tatu napunguza asilimia 10, kuanzia ya tano asilimia 20, zote ndani ya miezi 6. Naiweka kwa maandishi ili nisije nikasahau nilichokuahidi."

Angalia kwamba hakuna hapana humo ndani. Neno la mtu mzima ukilikataa umemvunjia heshima, ukiliandika umelipokea. Anayeahidi punguzo sasa ni wewe, na ahadi yako ina namba na muda. Akinyamaza, mwache anyamaze, usimfuate na bei nyingine siku ya pili. Mjomba akipiga kuuliza kwa nini umembania rafiki yake, mwambie ukweli: "Sijambania, mjomba. Punguzo lake liko kwenye kazi ya tatu, namsubiri yeye tu." Mjomba wangu alicheka sana, na sikusikia tena habari za rafiki yake.

Akisema hela hana kwa kweli, punguza kazi, usiguse bei. Kwa 60,000 nampa jina la duka lake kwa mwandiko mzuri na rangi mbili, mchoro mmoja, sahihisho moja, basi. Hiyo nayo ni bidhaa, na inaonekana tofauti na ya 150,000. Kosa ni kumpa ile ya 150,000 yote, maana aliyelipa kidogo ndiye mwenye masahihisho mengi. Sijui kwa nini iko hivyo, lakini muulize fundi yeyote wa nguo pale sokoni atakuambia hivyo hivyo.

Akisema anataka vitu vingi, muuzie vingi leo. Bango moja la mtandaoni kwangu ni 20,000. Akilipia 10 kwa mkupuo, kila moja 15,000, jumla 150,000 inaingia kwenye simu kabla sijaanza, na atayatumia kwa wakati wake. Hiyo ni bei ya jumla, na jumla hulipwa. Kama ni taasisi, kumbuka pia watakata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Ile 60,000 ya kazi ndogo itakufikia 57,000. Omba hati ya zuio, ni yako.

Kuna jingine kuhusu bei ya chini ambalo halisemwi sana: inakupa cheo. Mpiga picha mwenzangu wa Mikindani alipiga vyumba vyote vya hoteli moja ya ufukweni kwa hela ya mafuta ya pikipiki, kwa ahadi kwamba hoteli ikikamilika atafanya video kubwa ya matangazo. Hoteli ilikamilika, na video kubwa ilifanyika. Waliifanya watu kutoka Dar waliopanda ndege, wakalala kwenye vile vyumba, na yeye akaitwa kuwashikia taa. Mwenye hoteli hakuwa na ubaya hata kidogo, alimwambia kwa furaha, kama anayemsifu: "Wewe nakuweka kwa zile kazi zetu ndogo ndogo." Alishajua bei yake, na mwenye bei ile hapewi kazi kubwa. Anayetafuta mtu wa kazi ya milioni hamfikirii aliyelipwa mafuta.

Ahadi hizi zina msimu wake. Novemba na Desemba, mji ukiwa na hela ya korosho, hakuna anayeniomba nafuu kwa ajili ya kesho, wanaomba niwahishe. Zinaanza Machi na kuendelea, ukata ukikaza. Mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kwa bakuli nje ya mnada, naye haji mnada ukiwa umechangamka, huja sufuria ikiwa tupu, na bakuli lake mkononi, akijua utauza korosho ambazo bado ziko kwenye mti. Kwa hiyo bei zangu nazipanga Desemba, nikiwa nimeshiba, naziandika kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani juu ya meza. Ikifika Mei mtu akanitajia nusu, sijibu kwa njaa ya Mei, nasoma karatasi.

Najua anayeanza atasema: dada, wewe una wateja, mimi sina hata kazi moja ya kuonyesha. Ni kweli, na sikuambii ukae na kompyuta yako mpaka aje wa bei kamili. Lakini kama utapunguza, punguza kwa kitu anachoweza kukupa leo. Alipe yote kabla. Aruhusu jina na namba yako vikae chini ya bango. Akuandikie barua yenye mhuri kwamba kazi uliifanya na ameridhika. Au kile ninachokipenda zaidi: akisema ana rafiki yake Masasi mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayehitaji bango, mwambie, "Nitafurahi sana kaka, mpigie nikiwa hapa." Wapo wanaopiga. Nimepata wateja wa kudumu kwa simu ya dakika mbili ya namna hiyo. Wapo ambao ghafla simu haina salio.

Na kama ni kazi ya bure, chagua mwenyewe wa kumpa. Madrasa, msiba, timu ya mtaa inayocheza fainali uwanja wa Nangwanda, hao nawafanyia bila hela na bila mazungumzo ya kesho. Ankara natoa hata hivyo: bei 40,000, punguzo 40,000, jumla 0. Mzee wa madrasa aliposhika ile karatasi alishangaa kwamba kitu kile kina bei, na mwanawe alipofungua duka alikuja akijua pa kuanzia mazungumzo.

Waliokwisha kukuzoea kwa bei ya chini wanahitaji ujumbe tofauti. Usimwambie mteja ukiwa katikati ya kazi yake. Subiri umkabidhi, alipe, aridhike, kisha mwandikie kwamba kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao bei ni kiasi fulani, na zile asilimia za kazi ya tatu na ya tano uziweke hapo hapo chini. Ujumbe uwe mfupi, na neno samahani lisiwemo.