Mkuki uleule

Mwanangu,

Jumapili kwenye simu uliniuliza kama riwaya za siku hizi zinaweza kumfunza mjukuu wangu utu, kama zilivyotufunza ngano za mashujaa. Salio likaisha kabla sijakujibu. Tangu siku hiyo swali lako nakwenda nalo mpaka sokoni.

Unawakumbuka Gipir na Labongo, wale ndugu wawili wa ngano yetu. Kila basi la Kampala lilipofika daraja la Pakwach nilikuonyesha Nile, nikakusimulia upya. Gipir alimchoma tembo kwa mkuki wa nduguye, tembo akatoroka nao. Labongo akakataa fidia, akautaka mkuki uleule. Gipir akaufuata hadi nchi ya tembo, akarudi nao, na shanga alizopewa na bibi kizee. Baadaye mtoto wa Labongo akameza ushanga mmoja. Gipir naye akautaka uleule, mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakazika shoka mtoni, mmoja akabaki mashariki, mwenzake akavuka kuja huku kwetu.

Ngano hiyo naijua tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, na miaka yote hiyo nilijiweka upande wa Gipir, yule aliyeonewa.

Sasa Krismasi ukaniachia ile riwaya ya Jennifer Nansubuga Makumbi, *Kintu*, iliyotoka 2014. Humo, mwaka 1750, mtawala wa Buddu, jimbo la Buganda, yuko safarini kwenda kwa kabaka, yaani mfalme, mpya. Anampiga kofi Kalema, kijana aliyemlea kama mwanawe, na kijana anakufa. Anarudi nyumbani, hasemi. Baba mzazi wa kijana anangoja, anauliza, na yule mtu mkubwa mwenye wake na askari hana mdomo wa kumjibu. Laana inashuka kizazi hadi kizazi mpaka Kampala ya 2004.

Pale pa kunyamaza ndipo niliposhindwa kuendelea. Nilitoka nje, nikakaa chini ya mwembe hadi giza likaingia.

Binamu yako, mtoto wa marehemu mama yako mdogo, tulipokuwa naye hapa nyumbani zilipotea shilingi elfu ishirini. Nilimchapa. Nilimwita mwizi mbele ya majirani. Baada ya wiki mbili nilizikuta ndani ya kitenge nilichokuwa nimekikunja sandukuni. Sikumwambia. Nilimnunulia viatu vya shule, nikajiambia yamekwisha. Wewe ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki.

Katika ngano nilichagua mahali pa kukaa. Riwaya haikuniuliza. Iliniingiza kifuani mwa mkosaji, nikasikia jinsi mtu anavyojitetea kimoyomoyo, na maneno yalikuwa yangu. Nilipoirudia ngano ya Gipir, ndipo nikaona kwamba aliyeonewa ndiye aliyekuja kufanya lililo baya zaidi. Lilikuwamo siku zote, ila sikuwa na jicho la kuliona.

Kwa hiyo ndiyo, zinaweza. Lakini usimpe mtoto kitabu ukaondoka. Bibi yangu akimaliza kusimulia alitugeukia mmoja mmoja: wewe ungeudai ushanga? Na alijua nani kati yetu amemnyima mwenzake muhogo mchana ule. Kitabu hakimjui mjukuu wangu. Wewe unamjua. Vitabu vingine vinapita tu, mtu anauawa, ukurasa unafunuliwa, hakuna aliyeumia. Hivyo mwache avisome kwa starehe yake, havina neno. Ila akikutana na kile kinachomnyamazisha, uwe karibu, na mmalizie na Gipir.

Juzi nilimpigia binamu yako. Nilimweleza yote, kitenge, zile elfu ishirini, viatu. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mama mkubwa, vile viatu sikuvivaa nikiwa na furaha hata siku moja." Atakuja Pasaka. Nawe njoo, mje pamoja na mtoto.

Mama yako