Maswali na majibu: Kukaa darasa moja si kusoma pamoja

Nina mwanafunzi kiziwi. Nimemweka dawati la mbele anisome midomo. Inatosha?

Haitoshi, Mwalimu. Simama mbele ya kioo utamke "baba", "papa" na "mama" bila kutoa sauti: midomo inafanya kitu kilekile mara tatu. Msoma midomo hukisia maneno mengi kwa kufuata maana, na kwenye somo jipya maana yenyewe ndiyo hajaipata. Halafu unageukia ubao huku unaendelea kueleza, naye anabaki kutazama kisogo chako. Anahitaji lugha ya alama, kwa mkalimani au kwako wewe, na wenzake wafundishwe pia (watoto huishika upesi kutuzidi). Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 uliamua lugha hiyo iondolewe madarasani, na ni mwaka 2010 tu, kule Vancouver, ndipo mkutano kama huo ulipoukana uamuzi ule. Miaka 130! Wakati unamtafuta mkalimani, andika maneno mapya ubaoni kabla ya kuyaeleza.

Binti yangu ana disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika maneno), shule inamwongezea muda wa mtihani. Wazazi wenzangu wanasema anapendelewa.

Waulize mtihani wa historia unapima nini. Kama kinachopimwa ni kasi ya kusoma, wana hoja. Vinginevyo hawana, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24, unataka mwanafunzi afanyiwe marekebisho yanayolingana na mahitaji yake. Si hisani ya mwalimu mkuu.

Nimepokea mtoto mkimbizi wa miaka 11, hajui lugha ya kufundishia. Wenzangu wanashauri aanzie darasa la kwanza.

Kutojua lugha si kutojua kugawanya. Mpe hesabu tupu, zisizo na maelezo, umwone. Ukisahihisha, tazama anavyoandika: nchi nyingi hutumia mkato kwenye desimali, kwa hiyo 2,5 yake huenda ndiyo 2.5 yako, na wewe umeshampiga kosa. Baada ya mwaka au miwili atakuwa anapiga soga na wenzake bila taabu, na hapo ndipo walimu wengi humwachia mkono. Mapema mno. Lugha ya vitabuni huchukua kama miaka 5 hadi 7. Mwache aandike rasimu kwa lugha ya kwao kwanza.

Mwanafunzi wangu haoni, nami sijui breli (maandishi ya nukta yanayosomwa kwa kupapasa). Nianzie wapi?

Anzia kwenye ulimi wako. "Hii ukijumlisha na ile unapata hii" haimfikii. Sema "saba jumlisha nne ni kumi na moja" huku ukiandika. Breli mtafutie mwalimu wa kumfundisha hata kama ana kompyuta ya kumsomea kwa sauti, maana kusikiliza peke yake hakufundishi tahajia. Nawe jifunze kuisoma kwa macho: ni nukta sita tu, zinazotoa alama 63.