Pikipiki ya theluji ikigoma kukata kona usikimbilie misumari

Huu ni mwaka wa sita nipo kaskazini mwa Minnesota, na hii naandika kwa ndugu zangu mnaonunua pikipiki ya theluji ya mtumba alafu mnashangaa mbona kona haikati. Yalinikuta.

Njia za huku zikishapitiwa sana zinabaki barafu tupu, ukivuta mafuta mkia unahama. Nikaambiwa nipige misumari kwenye mkanda, ule mpira mpana wa nyuma unaozunguka kusukuma chombo, nikapiga 96, na kweli kuondoka na kusimama kukawa raha. Shida ikaja kwenye kona kali kabla hujashuka ziwani, nimekunja usukani mpaka mwisho na chombo kinaenda moja kwa moja kama hakinisikii, nikaishia vichakani theluji mpaka kiunoni. Mzima lakini, namshukuru Mungu.

Nikarudi kwa miguu kuangalia alama. Ski, zile mbili za mbele za kuteleza zinazofuata usukani, zilikuwa zimechora mistari miwili myembamba, imekolea vizuri, inaanza kupinda, alafu palepale alama za mkanda zinapoanza kuchimba ile mistari inafifia mpaka inapotea. Yani nilivuta mafuta katikati ya kona, uzito ukahamia nyuma, mkanda wenye misumari ukawa unasukuma pua ambayo haigusi chini vizuri.

Kwahiyo kabla hujatoa hela, zima injini, inua ski upapase kile chuma chembamba cha chini, kabaidi. Kikiwa na ukingo mkali sawa, kikiwa kimelika kikawa duara kama changu hakishiki barafu hata ufanyeje. Na ukiongeza misumari nyuma lazima mbele nako uweke kabaidi ndefu zaidi, vinaenda pamoja. Usizidishe tu, maana usukani unakuwa mzito mpaka mabega yanauma. (Njia za umma zenye lami huku kwa kawaida misumari hairuhusiwi, ulizia kwanza.)

Alafu uzito, na hii ni bure kabisa. Ndani ya mkanda, kwa mbele, kuna kamba inayozuia sasipensheni isishuke sana. Ukiifupisha ski zinakandamiza chini zaidi, ukiirefusha uzito unarudi nyuma na mkanda unashika. Mi kwa pupa nilifupisha tundu mbili za hiyo kamba, kona zikakata safi ila kwenye kupanda mkanda unazunguka bure na nikiachia mafuta mkia unataka kunipita. Nikarudisha tundu moja, nikalegeza kidogo springi ya shokapu ya mbele ya mkanda, ikatulia. Badilisha kitu kimoja, kajaribu kona ileile, ndo uguse kingine.

Na mkono nao. Achia mafuta kabla ya kona, utasikia pua inabonyea, ingia umeegemea ndani, njia ikianza kunyooka ndo uvute taratibu. Waliozoea kuvuta kwa nguvu katikati ya kona hakuna fundi atakayewasaidia.

Theluji laini ya milimani ni hesabu nyingine, kule meno ya mkanda yanafika inchi 2.5 mpaka 3 wakati ya njiani ni 1 au 1.25 hivi, ski zinaelea, kamba unailegeza na unaikatisha kona kwa mwili wako.

Huku kwetu kila ukigusa kitu shuka ukaangalie ile mistari ya ski. Yangu sasa inafika mpaka mwisho wa kona bila kukatika.