Maswali ya Wasomaji: Magugumaji, Mialo na Milinganyo Isiyokubali Kuzimika

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Mradi wangu wa shahada unaiga jinsi magugumaji yanavyosafiri na boti kati ya mialo. Nimeweka Kirumba, mwalo wa jijini Mwanza, katikati na mialo midogo 9, ikiwemo Igombe na Kayenze, ambayo boti zake huenda na kurudi Kirumba tu. Kila mwalo ama ni msafi ama umevamiwa. Kasi nilizokisia ni 0.1 kwa wiki kuvamiwa kupitia kila kiungo, na 0.2 kwa wiki kusafishwa. Milinganyo yangu inatulia uwezekano wa Kirumba kuwa imevamiwa ukiwa 0.45 na wa kila mwalo mdogo 0.19, lakini uigaji wa bahati nasibu huishia mialo yote safi. Nimekosea wapi?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Hesabu yako ni sahihi, ndugu msomaji. Tumeirudia tukapata 0.4545 na 0.1852. Tatizo ni dhana iliyojificha ndani ya milinganyo: unazidisha uwezekano wa Kirumba kuwa safi kwa uwezekano wa Igombe kuvamiwa, kana kwamba mialo hiyo haijuani. Wakati huohuo Igombe imevamiwa kwa sababu Kirumba ilivamiwa. Magugu yaliyotoka Kirumba yanahesabiwa yakirudi kuivamia Kirumba ambayo bado inayo, na mwangwi huo unakuza namba. Ndiyo maana ukadiriaji wa wastani, yaani huu unaochukulia kwamba mialo haijuani, huzidisha uvamizi, haupunguzi.

Kwa umbo la nyota kama lako, thamani kubwa ya aigeni (namba inayopima nguvu ya mtandao kueneza) ya matriki ya viungo, yaani jedwali la mwalo upi umeunganishwa na upi, ni kipeo cha pili cha 9, yaani 3. Kwa hiyo kizingiti cha ukadiriaji huu, yaani uwiano wa kasi ya kuvamiwa kwa kasi ya kusafishwa ambao ukipitwa uvamizi hudumu, ni 1/3. Uwiano wako ni 0.1 kwa 0.2, yaani 0.5, umekipita, na milinganyo inatangaza uvamizi wa milele. Mtandao wenye mialo 10 haujui milele. Siku mialo yote ikiwa safi kwa pamoja, hakuna pa kuanzia upya. Mfumo unaweza kuingia katika hali hiyo lakini hauwezi kutoka, na ndiyo inayoutoa mfumo wako nje ya msawazo. Fomula za fizikia zinazotoa uwezekano wa hali kutokana na nishati yake usizilete hapa.

Sasa la kufanya. Kwa kuwa mialo midogo yote inafanana, huhitaji hali 1,024. Andika tu kama Kirumba ni safi au imevamiwa, na mingapi kati ya 9 imevamiwa. Hizo ni hali 20, na kompyuta ya kawaida inazitatua kwa usahihi kamili. Hicho kiwe kipimo chako. Mialo ikifika 30 isiyofanana utakuwa na hali 1,073,741,824, na hapo ndipo makadirio yanapokuwa na kazi.

Hatua inayofuata ni jozi. Ongeza mlinganyo mmoja kwa kila kiungo, wa uwezekano wa ncha zote mbili kuvamiwa pamoja: 10 na 9, jumla 19. Uwezekano wa utatu, yaani hali za Igombe, Kirumba na Kayenze kwa pamoja, ukadirie kwa kuzidisha jozi mbili kisha kugawa kwa uwezekano wa Kirumba kuwa katika hali husika. Kigawanyo kikikaribia sifuri programu itatema namba za ajabu; weka ulinzi, kwa mfano chini ya 0.000000001 utatu wote uwe sifuri. Ukiongeza safari za Igombe hadi Kayenze unapata pembetatu, na ukadiriaji huu unadhoofika kwa kuwa ncha mbili za nje nazo zinajuana.

Linganisha wiki kwa wiki, usingoje mwisho. Ukianza na Kirumba pekee ikiwa imevamiwa, njia zote hupatana siku za mwanzo, kisha huachana. Wiki ya kuachana ndiyo matokeo ya mradi wako. Endesha uigaji mara 1,000, maana kwa mara 100 kosa la kawaida karibu na 0.5 ni 0.05, linaloweza kuficha tofauti unayoitafuta. Na usichanganye wastani wa marudio yote ya uigaji na wastani wa yale ambayo bado yana magugu: ni namba mbili tofauti.

Angalia pia hatua ya muda. Kirumba ikizungukwa na mialo 9 iliyovamiwa, kasi yake ni 0.9 kwa wiki. Ukiruka wiki 2 unapata 1.8, uwezekano usiowezekana. Tumia sehemu ya 10 ya wiki.

SWALI: Je, njia ya kupitisha ujumbe ni bora kuliko jozi?
Msomaji, Nansio

JIBU: Ndiyo, ikiwa mwalo ukishasafishwa hauvamiwi tena. Kila kiungo kinabeba ujumbe mmoja, yaani namba ya uwezekano, kila upande, na ujumbe wa Igombe kwenda Kirumba unahesabiwa kana kwamba Kirumba haipo, hivyo mwangwi unakatika. Mtandao usio na mizunguko, yaani njia za kurudi ulipoanzia bila kurudia kiungo, hupata jibu kamili. Wenye mizunguko hupata kikomo cha juu cha uvamizi. Mwalo ukivamiwa tena na tena, kama wa msomaji wa Nyegezi, uhakika huo hupotea, nasi tungebaki na jozi.