Jibu: Kumtafuta mhitimu wa zamani wa Harvard

Ndugu, nimekuelewa: una jina la mmisionari wa Kimarekani aliyesoma Harvard mwanzoni mwa karne ya 20, na unataka kujua aliishije baada ya chuo.

Anza na mwaka wa darasa lake, yaani mwaka wa kuhitimu. Kama huujui, fungua Quinquennial Catalogue, orodha ya wahitimu wa chuo hadi 1930. Nyota kando ya jina ina maana mtu alikwisha kufariki. Kisha tafuta ripoti za darasa hilo, yaani vitabu vya habari za wahitimu wa mwaka huo vilivyotolewa kila baada ya miaka kadhaa, kwenye maktaba za mtandaoni HathiTrust au Internet Archive; nyingi za zamani zinasomwa bure. Tafadhali usiishie kwenye moja. Ile ya miaka 25 baada ya kuhitimu ndiyo huwa nono: wazazi, ndoa, watoto, kazi, na mara nyingi maelezo yake kwa kalamu yake mwenyewe.

Kwa kuwa aliandika mwenyewe, tarehe na vyeo vihakiki kwingine. Asipoonekana, huenda hakurudisha fomu ya habari zake kwa ajili ya ripoti, au alisoma chuo kingine, Yale. Huko pekua Obituary Record, wasifu wa wahitimu waliofariki. Ukikwama, waandikie wahifadhi wa nyaraka wa Harvard, ukitaja jina kamili, mwaka na ulikokwisha kutafuta.