Mnapotafuta tiba ya TCD, ulizeni kwanza ni ya nani

Wazazi wenzangu wa Bukavu wanaoniuliza kuhusu tiba ya tabia ya kidialektiki, ile ambayo wanasaikolojia wetu huiita TCD kwa kufuata Kifaransa, huanza karibu wote na swali la bei. Mimi huwashauri waanze na swali la nani anayetibiwa, kwa sababu mtu mzima, kijana na familia hawapewi huduma ya namna moja.

Aliyeianzisha ni Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, kwa ajili ya watu wanaojiumiza au wanaotamani kufa mara kwa mara. Mwongozo wake ulichapishwa mwaka 1993. Mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba naye alilazwa hospitalini akiwa msichana kwa mateso ya aina hiyo, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko vyeti vyake.

Kwa mtu mzima, programu kamili huchukua takriban mwaka mmoja na ina sehemu nne: kikao cha kila wiki na mtaalamu, mafunzo ya stadi za kukabiliana na hisia kali katika kikundi, ruhusa ya kumpigia mtaalamu simu hisia zinapozidi, na mikutano ambamo wataalamu wenyewe hushauriana. Ukiambiwa kwamba mahali fulani hutolewa TCD, uliza ni sehemu zipi zilizopo. Mtu anaweza kupata nafuu hata kama zimepungua, lakini ni haki yake kujua anacholipia.

Kwa vijana, Alec Miller na Jill Rathus waliirekebisha pamoja na Linehan, na badiliko kubwa ni kwamba mzazi hujifunza pamoja na mtoto. Hapo ndipo baba wengi hukasirika, kwani walitaka kumwacha mtoto kwa mtaalamu kama redio kwa fundi na kurudi kuichukua jioni. Binti yangu alipokuwa akirudi kutoka shuleni akisema kwamba hakuna anayempenda, jibu lililokuwa tayari katika ukoo wetu, kama katika koo nyingi za hapa, lilikuwa kumkumbusha kwamba sisi tulikimbia vita na tukavumilia makubwa zaidi. Jibu hilo ni la kweli, lakini humwambia mtoto kwamba maumivu yake hayana haki ya kuwepo. Tulifundishwa kuikubali hisia bila kulikubali tendo: «Naona umeumia, mwanangu, na mimi ningeumia, hata hivyo mdogo wako hapigwi.» Mama mkwe wangu hadi leo huona kwamba huko ni kumdekeza.

Ikiwa mgonjwa ni mtu mzima anayekataa matibabu, familia inaweza kujifunza peke yake. Alan Fruzzetti na Perry Hoffman walitunga mafunzo ya wiki 12 kwa ajili ya jamaa wa wagonjwa, nayo hutolewa kwa Kifaransa pia kwa jina la Connexions Familiales.

Mimi sikupata hapa mjini programu yenye sehemu zote nne. Tulichopata ni mwanasaikolojia mwenye subira, daftari ambamo binti hupima hisia zake kila jioni, na mafunzo ya stadi kupitia intaneti, umeme unapokubali. Stadi iliyomfaa zaidi ni kuuzamisha uso katika beseni la maji baridi kwa muda mfupi, kwa kuwa mapigo ya moyo hupungua na akili hupata nafasi. Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayejinyima chakula, amuulize daktari kwanza. Kuhusu vyumba vya sala sina ugomvi, ila mchungaji anayeamuru dawa ziachwe nisingemrudia.

Haya yote ni ya siku ambazo kuna muda. Mtu akisema anataka kufa, msingoje nafasi katika programu yoyote: msimwache peke yake, ondoeni nyumbani dawa na sumu za panya, na siku hiyohiyo mpelekeni SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili cha hapa Bukavu, au hospitali iliyo karibu, hata kama njiani anawaambia kwamba alikuwa akitania.