Daftari la Namba za Shangazi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza ni zawadi gani ya gharama ndogo inayoweza kumgusa ndugu au rafiki kuliko zawadi ya gharama kubwa, na chini yake mmeweka methali tunayoijua sote: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nilipolisoma nilikuwa na jibu tayari, kwa kuwa nimekuwa nikilisimulia jibu hilo kwa muda wa miaka sita, na kila ninapolisimulia wasikilizaji huguna kwa kuridhika. Nilikaa kuandika nikiwa na uhakika wa mambo mawili. La kwanza, kwamba zawadi iliyonunuliwa mbiombio siku ya mwisho ni njia ya kujitoa lawamani tu. La pili, kwamba anayetoa fedha mkononi anakiri kuwa hamjui anayempa. La kwanza bado naliamini. La pili limenipotea nikiwa katikati ya kuandika, na nitaomba uvumilivu wenu nieleze limenipotea wapi.

Zawadi yenyewe ilikuwa daftari. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa anatimiza miaka 60, na sisi watoto wa ndugu zake tulikubaliana kwamba kila mmoja alete alichojaliwa. Wakati huo sikuwa na kazi ya kudumu, na nilijua wenzangu wangeleta vitu vya kubebwa na watu wawili. Wiki chache kabla ya siku hiyo simu ya shangazi ilianguka ikazimika kabisa, na kwa siku mbili nzima hakuweza kumpigia mtu yeyote, ingawa jirani alimpa simu yake aitumie apendavyo. Hakuwa na namba hata moja kichwani isipokuwa ya marehemu mume wake. Hilo alinieleza huku akicheka, lakini mimi lilinikaa.

Simu ilipotengenezwa, nilimwomba anipe niikague, nikamdanganya kwamba nataka kupunguza vitu vilivyoijaza. Kazi niliyodhani ni ya saa moja ilichukua jioni tatu. Mlikuwa na majina 58, na karibu nusu yake hayakuwa majina ya watu. Palikuwa na "Fundi Bomba" na "Fundi Bomba Mzuri", palikuwa na "Mlango Bluu", palikuwa na "Mama Nanihii", na palikuwa na watatu walioandikwa "Usipokee", mmoja akiwa na namba 2 mbele yake. Nililazimika kumuuliza kila mmoja ni nani, naye alinijibu kwa visa, si kwa majina. Mlango Bluu alikuwa jirani wa nyumba aliyohama miaka mingi iliyopita. Mlango wenyewe ulishapakwa rangi nyingine, lakini yule mama bado humpigia simu shangazi kila anapopata mjukuu. Mmoja wa wale wa Usipokee alikuwa ndugu yetu wa karibu sana, kwa hiyo sitaendelea.

Nilipoanza kunakili, nilipanga kwa alfabeti kama mtu yeyote aliyepita shule angefanya. Ukurasa wa nne ndipo nilipogundua kwamba shangazi hatafuti watu kwa herufi. Yeye hutafuta "yule wa umeme" au "yule tuliyekutana msibani". Nikachana kurasa zile nikaanza upya, safari hii kwa mpangilio wa haja: ukurasa wa kwanza wale wanaoweza kuitwa usiku wa manane, wa pili watoto na wajukuu, wa tatu mafundi, kisha majirani wa sasa, majirani wa zamani, na mwisho wale wa kutopokelewa, ili akiona namba ngeni aweze kulinganisha. Niliandika kwa kalamu nyeusi yenye ncha nene, na kwa kuwa wino wake ulipenya hadi upande wa pili wa karatasi, ilinibidi nitumie kurasa za kulia peke yake. Kila herufi ilijaza mistari miwili. Tarakimu nilizigawa tatu tatu kwa nafasi pana, na saba niliikata kwa kistari tumboni ili isifanane na moja, kwa sababu nilikuwa nimeona jinsi anavyoishika simu: mkono umenyooka mpaka mwisho, kichwa kimerudi nyuma, kana kwamba simu inanuka.

Majalada nilitoa na kuweka ya karatasi ngumu, nikashona mgongo kwa sindano na uzi mnene, matundu matano. Lazima niseme kwamba nilijipenda sana katika zile jioni. Yapo maelezo ya hali hiyo: utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watu waliokunja wenyewe vyura na korongo wa karatasi waliikadiria kazi yao kwa thamani kubwa kuliko walivyoikadiria wengine walioonyeshwa vitu vile vile. Mimi sikuhitaji utafiti. Nilikuwa naamka usiku kuliangalia daftari langu.

Siku ilipofika, shangazi alilifungua mbele ya wote, akalipitisha ukurasa kwa ukurasa kwa kidole, akasoma namba ya kwanza kwa sauti bila kunyoosha mkono. Watu walipiga makofi. Binamu yangu, aliyekuwa ameleta televisheni, aliniambia kando kwamba nimemwaibisha, na aliposema hivyo sikuumia hata kidogo. Kama ningekuwa nimejibu swali lenu usiku ule, jibu lingeishia hapo, na lingekuwa zuri kuliko hili.

Kesho yake asubuhi aliniita. Alikuwa amekaa na daftari kwenye mapaja, simu pembeni, akilinganisha.

"Mwanangu, hawa wengine umewapeleka wapi?"

"Wapi, Shangazi?"

Akanitajia majina saba. Mume wake alikuwa wa kwanza. Walikuwa marehemu wote, na mimi niliwaacha kwa makusudi, kwa kuwa niliona si vyema mtu afungue zawadi yake ya kuzaliwa akutane na marehemu wake kati ya mafundi. Nilimweleza hivyo, kwa maneno ya adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba zile namba hazipigi, anajua, ila akipitisha majina huwa anakutana nao njiani, na katika daftari langu amepita njia nzima hakukutana na mtu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananieleza tu, kama unavyomweleza fundi kwamba kabati limekuja bila rafu moja.

Niliongeza ukurasa, na kwa kuwa mgongo ulikuwa umeshonwa, ilinibidi niubandike kwa gundi, na mpaka leo ndio unaochungulia nje ya daftari kuliko zote. Lakini kilichonisumbua hakikuwa ukurasa. Kwa jioni tatu nilikuwa nimemuuliza maswali zaidi ya hamsini, na swali pekee lililomhusu yeye, kwamba hawa nao wawemo au wasiwemo, sikumuuliza, kwa sababu kuuliza kungevunja mshtuko wa furaha niliokuwa nimeuandaa. Hapo ndipo methali yenu inaponikwaza. Moyo unaotajwa humo ni wa mtoaji. Mpokeaji hana sehemu ndani yake ila kupokea na kushukuru, na asiyeshukuru kwa kidogo, tunamwambia, hata kikubwa hatashukuru.

Kisa hakijaisha, na sehemu iliyobaki ndiyo nimekuwa nikiikata kila ninapokisimulia.

Miezi miwili au mitatu baadaye nilikwenda kumsalimu, nikamuuliza kama herufi za daftari zinatosha ukubwa. Nilitaka sifa, nakiri. Alisema zinatosha kabisa. Kisha akaongeza, huku akiangalia pembeni, kwamba kwa kweli ndizo herufi peke yake anazozisoma siku hizi bila taabu. Dawa zake humsomea mtoto wa jirani, na barua hungoja mpaka apite mtu.

Sasa tafakari kidogo pamoja nami. Nilikaa na mwanamke huyu jioni tatu. Nilimwona akiinyoosha ile simu mbali na uso, nikaligundua tatizo lake vizuri kiasi cha kupima ukubwa wa herufi zangu kwalo. Na kila mtu anajua kinachotokea: kuanzia umri wa miaka 40 hivi lenzi ya jicho huwa imekakamaa kiasi cha kushindwa kujikunja vizuri kwa ajili ya vitu vya karibu, na dawa yake kwa wengi ni miwani ya kusomea, kitu cha kawaida kuliko televisheni. Mimi nilimwona mtu anayehitaji miwani, nikamtengenezea daftari. Nilirekebisha kitabu kimoja ili kimfae, nikaiacha dunia nyingine yote na herufi zake ndogo.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akaniuliza kama kuna aliyemuuliza. Halafu akasema jambo ambalo nadhani wazee wengi wanalo moyoni, kwamba ukishaomba, hicho si zawadi tena, ni deni. Marcel Mauss, msomi wa Ufaransa, aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi hubeba wajibu wa namna tatu, wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha, na shangazi, asiyewahi kumsikia, alikuwa ameshapiga hesabu ya huo wajibu wa tatu akaona hauwezi. Daftari aliweza kulipokea kwa furaha kwa sababu lilikuwa dogo. Nalisema hili kwa faida ya upande wangu wa awali, maana ni kweli: zawadi ndogo humpa mpokeaji nafuu, haimfungi, haimlazimishi kutafuta namna ya kulipa. Lakini ni unafuu ule ule uliotufanya sote tusiguse hitaji kubwa lililokuwa mbele ya macho yetu, na nimeandika "mbele ya macho" kabla sijajishtukia.

Tulichanga, binamu wa televisheni akatoa zaidi ya wote. Shangazi alipelekwa kupimwa macho, akapata miwani. Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyeifunga kwa karatasi ya maua.

Ndiyo maana nashindwa kujibu swali kama mlivyoliuliza. Mmeuliza kuhusu gharama, nami naona gharama si penye shida. Ipo kazi ya watafiti Francis Flynn na Gabrielle Adams, ya mwaka 2009, iliyoonyesha kwamba watoaji hudhani zawadi ya bei kubwa itathaminiwa zaidi, huku wapokeaji wakiwa hawaoni uhusiano huo. Vyema, basi bei tuiweke kando kwa pande zote mbili. Bei ndogo nayo isihesabiwe kuwa sifa. Tumezoea kuiambia zawadi ya kutengenezwa kwa mkono kwamba imetoka moyoni, na kuna mahali hapo tunajipongeza kwa kutokuwa na fedha. Isitoshe, haikuwa bure. Jioni tatu za mtu asiye na kazi zinapatikana. Jioni tatu za dada yangu, mwenye watoto wadogo na zamu za usiku, hazipatikani, na kumwambia kwamba fedha anazotuma hazina moyo ni kumtukana kwa njia ya upole. Nimewahi kumwambia. Namwomba radhi hapa, kwa kuwa anasoma gazeti lenu.

Kuhusu marafiki nina machache. Kwa rafiki ninayemwamini, zawadi bora ya bei ndogo niliyowahi kutoa ni kukaa na watoto wake kutwa nzima ili alale, na iliyo bora niliyowahi kupokea ni picha ya zamani ambayo mtu aliandika nyuma yake, kwa penseli laini isiyochubua karatasi, majina ya wote waliosimama na mwaka. Zote mbili zilitokana na jambo lililosemwa wazi: mmoja alisema amechoka, na mimi nilikuwa nimeuliza kwa sauti yule wa pembeni ni nani. Rafiki husema. Ndugu, hasa aliyekuzidi umri, husubiri aonekane.

Kwa hiyo mkinibana nitoe jibu moja, nitajibu daftari, pamoja na kurasa zote hizi nilizotumia kulilaumu. Bado analo. Bado analitumia kuliko simu. Ila jibu langu lina masharti: kwanza muulize hata kama mshangao utaharibika, kisha angalia kama unachokitengeneza hakikwepi kitu anachokihitaji zaidi, na kama kinakwepa na huna uwezo, usione haya kuwatafuta wenzako mchange, na kama hata hilo halitawezekana, basi, nalazimika kusema, mpe fedha mkononi anunue mwenyewe. Sijafurahia kuiandika sentensi hiyo. Nilianza barua hii nikiwa na sentensi iliyo kinyume chake kabisa.

Mwaka huu anatimiza 66. Nimempigia nikamuuliza waziwazi anataka nini, akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anapima kama ni deni. Kisha akasema anataka kalamu nyeusi kama ile ile, maana namba mpya zimekuwa nyingi na kuna wawili wa kuhamishiwa ule ukurasa wa gundi, na kama nitaweza, salio la simu. Salio nimemtumia leo asubuhi. Kalamu ya unene ule bado naitafuta.